Maji ya Ninzi

Mtu akikuambia Geshtina alikuwa mwoga, muulize yeye angefanya nini. Mwanamke yule alikata matete kwenye kinamasi chenye nguruwe-mwitu na nyoka, maji yakiwa kiunoni, na akarudi mjini anaimba. Kazi yake ilikuwa kusuka majamvi, yale mazito yanayotandikwa kati ya tabaka za matofali hekaluni ili ukuta usipasuke. Mji mzima wa Uruk ulimjua kwa mikono yake na kwa mdomo wake. Kitu kimoja tu kilimtoa kijasho chembamba, na kitu hicho kilikuwa chini ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo alilala Ninzi, mtoto wake wa kwanza. Kifua kilimchukua kabla hajaweza kulitamka jina lake vizuri. Walimkunja, wakamtia kwenye mtungi, wakamzika karibu na meko ili asipate baridi. Juu ya mtungi wakasimamisha mrija wa udongo, mdomo wake ukatokeza sakafuni. Kila mwezi ulipokufa, kabla haujaandama mwingine, Geshtina alipiga magoti hapo, akamimina maji na pombe kidogo ya shayiri, akaita: "Ninzi! Njoo unywe, mwanangu. Ni mimi, Mama Ninzi." Siku hiyo tu ndiyo alijiita hivyo. Tangu azaliwe Subur, mtaa wote ulimwita Mama Subur, na lile jina la kwanza likafukiwa pamoja na mwenyewe.

Sasa, jasho la nini? Ni kwamba kwetu kila mtu anajua wafu wana kiu. Huko waliko hakuna kisima, na chakula chao ni vumbi. Mfu akipewa maji hutulia. Asiyepewa hupanda juu. Wala haji kwa kelele, maskini. Huja akakaa kando ya aliye hai, hasa mtoto, akanywa kupitia kwake, mpaka mtoto yule anakauka midomo na kukodoa macho, mnammwagia maji kinywani na hayamfai kitu. Bi Zamena, mama mkwe wa Geshtina, alikuwa na visa vya namna hiyo vya kujaza kapu, na alivisimulia wakati wa kula.

"Umemimina?" angeuliza.

"Nimemimina, mama."

"Umemwita kwa jina lake?"

"Nimemwita."

"Usinifanyie mzaha, mwanangu. Mimi ndiye ninayelala karibu na hilo tundu."

Geshtina alikuwa hafanyi mzaha. Alimpenda Ninzi na alimwogopa Ninzi, vyote viwili, na hakuwahi kumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba unamwogopa mtoto uliyemnyonyesha?

Halafu ikaja kamba.

Watu wa hekalu walikuja asubuhi, wakati mtaa mzima uko mashambani unasafisha mifereji. Bibi wa mbinguni, mungu wa hekalu lile, walisema, anaona nyumba yake ni ndogo, anataka jukwaa kubwa zaidi. Wakapigilia vigingi, wakavuta kamba ya manyoya ya mbuzi kuuzunguka mtaa wetu. Watu waliporudi, jembe begani, walikuta kamba imeshapita. Nyapara wao, mtu mmoja anaitwa Ushur, mwenye shingo nene na sauti ya puani, akatangaza amri: "Kilicho juu ya ardhi ni chenu. Boriti, milango, vyungu, mbuzi, chukueni. Kilicho chini ya ardhi ni cha Bibi. Atakayetia kijiti ardhini ndani ya kamba, amemchimba Bibi mwenyewe."

"Na wafu wetu?" mtu mmoja akauliza.

"Wafu wenu sasa ni wageni wa Bibi. Atawanywesha yeye."

Jirani mmoja, fundi viatu, hakuridhika na jibu hilo. Alirudi usiku kumchukua baba yake. Kulipokucha viatu vyake vilikuwa vimening'inizwa kwenye kamba, vimefungwa pamoja kwa ugwe wake mwenyewe, na yeye hakuonekana tena. Hakuna aliyethubutu kuvishusha. Geshtina, ambaye alipita hapo kila siku akipeleka majamvi, alijifunza kutazama upande wa pili.

Familia ikahamia kibanda cha matete kando ya mfereji: Geshtina, mumewe Igizi, Bi Zamena na Subur. Igizi alikuwa mfyatua matofali, mtu mpole, asiye na ubishi. Mwezi ukafa. Geshtina alisimama nje ya kamba na kibuyu chake cha maji, akaitazama nyumba yake isiyo na paa, akashindwa hata kunyanyua mguu. Akarudi nyumbani na kibuyu kimejaa.

Haikupita wiki, Subur akapata homa.

Ilianza kama homa ya kawaida ya watoto. Kisha akaanza kuomba maji. Anakunywa, anaomba. Anakunywa tena, analia anaomba. Midomo ikapasuka. Bi Zamena alimtazama mtoto, akamtazama mkwewe, akajifunika kichwa kwa nguo.

"Mimi sisemi kitu," akasema.

"Sema, mama."

"Niseme nini na wewe unaona? Maji yote hayo yanakwenda wapi? Mkojo hana. Jasho hana. Kuna mtu anakunywa humo ndani, Mama Subur. Dada yake amepanda."

Geshtina alimziba mtoto masikio, akiwa amechelewa. Ni jambo alilokuwa akiliogopa miaka yote, na sasa limetamkwa mbele ya mtoto. Subur alifungua macho. "Mama," akasema, "maji."

Igizi alikaa mlangoni akiwapa mgongo. "Labda ni homa ya kinamasi tu," akasema.

"Basi twende tukamtoe," Geshtina akamwambia. "Wewe na mimi. Tumlete hapa, tumnyweshe."

Igizi aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Viatu vya yule bwana umeviona?"

"Kila siku naviona."

"Basi usinitajie hilo neno tena." Na mtu huyu mpole akanyanyuka akaenda zake kwenye matofali, mwendo wa haraka, kama anayefukuzwa.

Siku zikasogea na matofali yakasogea. Nyumba za upande wa mtoni zilikuwa zimeshafukiwa, sasa ni uwanja mtupu wa udongo uliopigwa tambarare. Siku iliyofuata ingekuwa zamu ya nyumba ya Geshtina. Usiku huo Subur hakuomba maji tena, na hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko yote. Kulipokucha alimwinua mtoto, akalichukua jamvi alilokuwa amelilalia, bado lina joto la mwili wake, akalikunja na kulitia begani.

"Unakwenda wapi?" Bi Zamena akauliza.

"Kazini."

"Na jamvi la mgonjwa?"

"Mama, mshikie mtoto kichwa. Usimwache."

Alingoja jua la utosini. Saa ile Uruk nzima hulala. Hata mbwa hawabweki. Waashi walikuwa wamejitupa chini ya mitende, vitambaa usoni. Geshtina alivuka kamba mahali palepale penye viatu, maana hapo ndipo hapakuwa na mtu wa kupenda kukaa. Kiatu kimoja kilimgusa shavu. Alijiuma mdomo asipige kelele.

Ndani ya nyumba jua lilikuwa limejaa tele, wala hapakuwa na kivuli cha kujifichia. Mdomo wa mrija ulikuwa palepale karibu na meko. Akapiga magoti, akachomoa kijiti cha kuchimbia kilichokuwa ndani ya jamvi, akakisimamisha juu ya udongo. Amchimbe Bibi wa mbinguni? Na huyu aliyepanda, kama yumo, kama anangoja hapo chini na kiu yake? "Ninzi," alinong'ona, "ni mimi. Usinishike mkono." Ndivyo alivyomwambia mwanawe, na maneno hayo yalikuja kumchoma maisha yake yote.

Akachimba. Udongo kando ya mrija ulikuwa laini, mweusi, wenye unyevu. Vizuri, akawaza, maji yalikuwa yakiingia. Akakuta mche wa shayiri, umeota gizani kutokana na machicha ya pombe, mweupe kabisa, umejipinda ukitafuta pa kutokea. Akauvuta kando. Akafika mwisho wa mrija.

Mwisho wa mrija ulikuwa umekaa kwenye udongo mtupu.

Geshtina alipapasa chini yake kwa vidole. Hakuna mtungi. Akadhani amekosea mahali. Akachimba zaidi, kucha zikivunjika. Chini ya udongo ule akakuta sakafu ya zamani, ngumu, kavu, ile waliyoikanyaga kabla ya mafuriko. Mafuriko yale yalipopita waliinua nyumba, kama ilivyo desturi, wakapiga sakafu mpya juu ya ile ya kale. Igizi ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na ni yeye aliyeurefusha mrija. Katika sakafu ya zamani ulikuwepo mdomo wa mrija wa kwanza, na mdomo huo ulikuwa umezibwa. Donge la udongo, limeshindiliwa kwa kidole gumba. Alama ya kidole ilikuwa bado ipo.

Akalibandua donge lile. Mrija wa ndani ulikuwa mkavu, una utando wa buibui. Akachimba mpaka mtungi. Mtungi nao ulikuwa mkavu, mwepesi, na alipouinua, kile kilichokuwemo kilibingirika ndani na kutoa mlio mdogo, kama wa njugu ndani ya kibuyu.

Alikaa nao mapajani. Hofu ilikuwa imemtoka, ikaingia nyingine ambayo hakuwa na jina la kuiita. Tangu mafuriko hakuna tone lililomfika mtoto huyu. Kila mwezi aliitwa: njoo unywe. Kila mwezi alikuja, akasimama chini ya donge la udongo, akasikia maji yakimwagika juu ya kichwa chake. Na katika miaka yote hiyo Subur alikuwa akilala hatua chache kutoka kwake, mnono, mzima, anakoroma. Ninzi hakupanda. Hakumgusa.

"Mwanangu," Geshtina alisema. "Mwanangu, mwanangu."

Kisha akasikia waashi wanakohoa huko nje, wameanza kuamka, na ile hofu ya kawaida ikamrudia kwa kishindo. Akauviringisha mtungi ndani ya jamvi, akasukumia udongo shimoni kwa miguu, akatoka. Alikuwa amebakiza kamba tu.

"We! Mama majamvi!"

Ushur. Alikuwa anakuja huku anajifuta usingizi usoni.

"Unatoka wapi humo?"

"Nilikuja kupima, bwana mkubwa. Nijue majamvi mangapi yatatosha."

"Umepima. Na hilo begani?" Akaligonga jamvi kwa fimbo yake, na ndani kitu kikatoa mlio wa njugu. Ushur akainamisha kichwa. "Lina nini? Hebu litandaze. Hapa hapa, nilione."

Geshtina alilishika jamvi kwa mikono miwili. Kule pembeni viatu vilikuwa vikizunguka polepole kwa upepo. Akafungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na kilichotoka, karibu chote, kikawa kweli.

"Nitalitandaza, bwana mkubwa. Lakini mwanangu amelilalia tangu homa imwanze. Ile ya kukausha. Ametapika humu, amejisaidia humu. Bado lina joto, hebu shika."

Ushur alirudi nyuma hatua mbili, akajikwaa kwenye kigingi chake mwenyewe. "Homa? Na unaniletea kwenye kazi ya Bibi? Una wazimu?"

"Shika tu uone..."

"Toa! Toa hapa! Katupe mbali, kichaa wewe! Na usirudi mpaka nikuite!" Alikuwa anautemea mkono uliokuwa umeshika fimbo, kisha akaitupa na fimbo yenyewe.

Geshtina alitembea. Hakukimbia mpaka alipoupita mfereji.

Igizi alikuwa ameshafika kibandani. Alipouona mtungi alishika nguzo.

"Uliziba," Geshtina akamwambia.

Igizi akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja.

"Kidole chako nimekiona. Niambie nimekosea. Niambie ni panya."

"Niliogopa," Igizi akasema.

"Uliogopa nini?"

"Nilipokwangua ili niunganishe, nilitega sikio. Nilisikia kitu kinavuta. Humo ndani. Kinavuta pumzi, hivi..." Akajaribu kuigiza, akaacha. "Nikaziba. Nikaweka kipande kipya juu, wewe uone tundu, utulie. Nilisema nitarudi nifungue nikipata moyo. Sikuupata."

"Alikuwa anakunywa!" Geshtina alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Alikuwa mtoto anakunywa, Igizi! Ulitaka anywe kimya kimya?"

Igizi alikaa chini akalia, na mkewe hakumbembeleza. Kusema kweli mimi pia nisingembembeleza.

Wakachimba ndani ya kibanda. Geshtina aliuweka mtungi mwenyewe, akausimamisha mrija mwenyewe, akaingiza mkono mpaka akauhakikisha umegusa. Bi Zamena alikuwa amepiga magoti, viganja juu. "Mwambie amwachie mdogo wake," alikuwa akihimiza. "Mwambie sasa hivi! Mwambie, tumekuletea maji, mwachie mtoto!"

"Hakumshika, mama."

"Unasemaje?"

"Miaka yote hii hajanywa. Alikuwa na kiu wakati Subur ni mzima. Kama angetaka kumshika, angemshika zamani."

Bi Zamena alishusha viganja. Akamtazama mjukuu wake aliyelala mdomo wazi, kisha akatazama mlango wa kibanda, kisha pembe zake zote, moja moja. "Basi kama si yeye," akauliza kwa sauti ndogo, "ni nani?"

Geshtina alitamani, kwa nafsi yake yote, iwe ni Ninzi. Mtu wako unaweza kumsihi. Unajua jina lake, unajua anapenda nini. Alijaza kibuyu mferejini, akamimina, akarudi akajaza, akamimina, na maji yalikwenda chini moja kwa moja bila kutuama, na kweli kabisa mrija ulivuta. Wote walisikia. Igizi alitoka nje mbio.

"Kunywa," Geshtina alisema. "Sina ninachokuomba. Kunywa tu."

Subur alipona. Ilichukua muda, na mguu mmoja ulibaki mwembamba, lakini alipona. Mtaa ukasema ni dada yake alishiba akamwachia, na Bi Zamena alikisimulia kisa hicho wakati wa kula mpaka alipokufa. Geshtina hakubishana nao. Jukwaa la Bibi likapanda, kubwa, jeupe, likaonekana hadi kinamasini, na majamvi yake yamo ndani yake. Viatu vya yule fundi vilioza kambani, vikaanguka.

Yeye alibaki na mambo yake. Kibanda kilipogeuka nyumba, na nyumba ikainuliwa sakafu, hakumruhusu mtu kuugusa mrija. Alijilaza kifudifudi, akachimba kwa mkono mpaka bega likazama, mpaka vidole viguse kifuniko cha mtungi, ndipo akauunganisha. Alimwita mwanawe aje aone. "Njoo hapa, Subur. Tia mkono, ujue kwa kugusa." Subur alisimama mlangoni kwa mguu wake mwembamba, akacheka kicheko cha woga. "Naona kutoka hapa, mama," alisema. Alisema hivyo akiwa mtoto, na akasema hivyo akiwa na ndevu.

Geshtina alizeeka. Macho yakaingia ukungu, mikono ikashindwa kukunja tete. Alipojua siku zake zimekwisha alimwita Subur karibu na jamvi lake, na safari hii hakumwachia njia ya kusimama mlangoni. Alimshika kiganja.

"Utaniweka karibu na dada yako."

"Nitakuweka, mama."

"Na mrija."

"Na mrija."

"Sakafu ikiinuliwa, utaingiza mkono. Hutasikiliza. Hata ukisikia kitu, hutasikiliza, utaingiza mkono mpaka uniguse. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia."

"Apa."

Akaapa. Aliapa vizuri, kwa Bibi wa mbinguni, kwa sauti nzito ya mwanamume. Lakini kile kiganja alichokuwa amekishika mama yake kilikuwa kimelowa jasho, na kidole gumba, kipana na bapa kama cha Igizi, kilikuwa kinatetemeka.

Geshtina alikipapasa kidole kile kwa muda mrefu. Kisha akakiachia, akaomba maji. Wakampa. Akayanywa yote mpaka tone la mwisho, akaomba mengine.